Mama Kaahirishiwa Upasuaji wa Goti Mara Mbili: Wanatuzungusha?

BARUA

Shikamoo mama mshauri. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Tanga, na leo imebidi nikuandikie maana usingizi sipati.

Mama yangu ana miaka 66. Goti lake la kulia limekwisha. Akitoka kitandani kwenda uani unalisikia linavyosaga, na mguu wenyewe umeanza kupinda. Tumehangaika na vidonge vya maumivu, mafuta ya kuchua, sindano ya ndani ya goti, mpaka mwaka huu daktari wa mifupa akatuambia imebaki njia moja tu, abadilishiwe goti awekewe la bandia. Mama ana sukari na presha, zote za miaka mingi, na dawa anameza.

Tukachangishana, ndugu na mashemeji, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa kikanikopesha. Tukapewa tarehe katika hospitali moja kubwa. Mama akalazwa siku moja kabla, nesi akamwambia kuanzia usiku asitie kitu mdomoni. Mama ni mtu wa kushika maagizo. Akaacha na vidonge vya presha, vya jioni na vya asubuhi. Kulipokucha wakampima, 198 kwa 114. Wakasema leo haingii thieta. Tukarudi nyumbani, nauli na hela ya chakula vimeteketea.

Tarehe ya pili nikasema safari hii haachi dawa hata moja. Akameza zote asubuhi, za presha na za sukari. Na kwa kuwa mtu wa sukari hakai na njaa, saa kumi na moja alfajiri nikampa uji wa ulezi nusu kikombe, na maziwa kidogo, asije akaanguka. Saa mbili wanampima, sukari 17.2. Wakamuuliza umekula nini, akasema uji. Daktari wa usingizi akafunga faili. Turudi baada ya wiki sita. Safari hii wametuandikia kipimo kingine cha damu cha sukari, na barua ya kwenda kwa daktari wa meno! Goti na meno wapi na wapi?

Nyumbani sasa hapakaliki. Kaka yangu mkubwa anasema hapo wanataka chochote, na wanaotoa chochote wanaingia siku hiyohiyo. Mjomba anasema kuna mzee Pangani anakanda, anachanja chale na kupaka dawa, watu wanatembea, kwa hiyo tumpeleke mama katika hizi wiki sita. Jirani amemtisha mama kwamba sindano ya mgongo inalemaza, aombe nusu kaputi. Tunatakiwa tupeleke watu wawili wa kuchangia damu, na wadogo zangu wote ghafla wamepata safari. Mama mwenyewe ameanza kusema basi, mniache nife na goti langu.

Naomba uniambie kweli. Wanatuzungusha au kuna sababu? Na hizi wiki sita nifanye nini? Mama anauliza pia kama akishabadilishwa goti ataweza kusujudu.

Binti mwenye mawazo, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu, na wewe pole, maana kumuuguza mzazi huku ukiamua ugomvi wa ukoo ni kazi mbili.

Nianze na kaka yako, kwa sababu neno lake ndilo linalotia sumu mengine yote. Katika uliyoniandikia sioni harufu ya rushwa. Mara zote mbili kuna namba iliyosomwa na kuandikwa kwenye faili, na namba zenyewe zinamsimamisha daktari yeyote mwenye akili timamu. Kwa upasuaji wa kupangwa, presha ikifika 180 kwa 110 madaktari wengi wa usingizi hawaendelei. Mama alikuwa 198 kwa 114. Sukari siku ya upasuaji hutafutwa iwe kati ya 6 na 10, wengine huvumilia hadi 12. Yeye alikuwa 17.2 na uji tumboni. Mwulize kaka: chochote kikitolewa, sukari inashuka? Mtu akikuomba hela nje ya dirisha la malipo, bila namba ya malipo wala risiti, huyo mkatalie na umripoti. Lakini daktari anayekubali kumpasua mama na sukari ya 17 kwa kuwa amepewa bahasha, huyo ndiye wa kumkimbia.

Hata hivyo watu wa wodini sitawasafisha. "Usitie kitu mdomoni" ni agizo lililokatwa katikati. Nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi na nimewaona wagonjwa watiifu wakiumia kwa utiifu wao, kwa sababu hakuna aliyekaa kitandani kwao akauliza, mama, nitolee mfuko wako wa dawa nione. Mgonjwa mwenye sukari na presha hapewi agizo moja kwa dawa zote. Zipo za kumeza asubuhi ileile na funda moja la maji, zipo za kuruka asubuhi hiyo, na zipo za kuachwa siku kadhaa kabla. Kazi ya kuzichambua ilikuwa yao, na ilitakiwa ifanyike kliniki, si alfajiri ya siku yenyewe.

Sijui mama anameza zipi, kwa hiyo nitakueleza jinsi mambo yanavyokwenda kwa kawaida, halafu ukayahakikishe kwa daktari wake. Kwa za presha, amlodipini na zile za jamii ya atenololi kwa kawaida haziachwi; humezwa asubuhi ya upasuaji na maji kidogo, na atenololi kuikata ghafla kuna hatari yake kwa moyo. Losartani na enalapili madaktari wengi huzisimamisha siku moja kabla, kwa sababu zikikutana na dawa ya ganzi presha inaweza kuporomoka. Za sukari, metifomini na glibenklamaidi, haziliwi asubuhi ya upasuaji, maana mtu hali chakula, na glibenklamaidi kwa mtu mwenye njaa inaweza kumwangusha. Kama anachoma insulini, asiiache kwa kujiamulia. Hupunguziwa kipimo, na daktari ndiye anayesema ni kwa kiasi gani. Ziko dawa mpya za sukari ambazo majina yake huishia na "flozin". Hizo huachwa siku tatu au nne kabla, kwa hiyo soma maboksi.

Sasa vidonge vya maumivu. Hapa nataka uwe askari. Diklofenaki na ndugu zake zinaongeza kuvuja damu na kusumbua figo, na mara nyingi mgonjwa huambiwa aziache kama wiki moja kabla, atumie parasetamo. Aspirini ndogo ya moyo, klopidogreli na wafarini, zile za kuzuia damu isigande, zina hesabu zake, na anayeamua ni daktari kwa kuangalia moyo wa mgonjwa, usiamue wewe. Lakini kinachonisumbua zaidi ni vile vidonge vinavyouzwa kwenye vikaratasi bila jina, "vya magoti", ambavyo mtu akimeza siku mbili anacheza ngoma. Vingi nilivyovikuta kwenye mifuko ya wagonjwa vilikuwa prednisoloni au deksamethasoni. Dawa hizo hupandisha sukari, hudhoofisha kinga, na ukizikata ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu mwili unaishiwa nguvu. Kama mama anavyo, usivifiche wala usivitupe. Vibebe, vikaratasi vyote, mpaka kwenye meza ya daktari. Huenda ile 17.2 ina mkono wake humo kuliko kwenye uji wako.

Na ile sindano ya goti, alichomwa lini? Kama ilikuwa ya steroidi, jamii ya hizo prednisoloni, na haijapita miezi mitatu, sema. Goti bandia likiwekwa mapema baada ya sindano hiyo, uwezekano wa kupata usaha unaongezeka, na daktari anaweza kutaka kusogeza tarehe. Ni bora isogezwe leo kuliko ijulikane baadaye.

Turudi kwenye uji. Sababu ya kufunga ni hii: dawa ya usingizi inalegeza koo na kifua, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu. Mtu anaweza kufa mezani kwa uji wa nusu kikombe, na goti halijaguswa. Chakula chepesi kinatakiwa kiwe kimekaa saa sita, cha mafuta saa nane. Maziwa yanahesabiwa chakula, kwa hiyo chai ya maziwa ni chakula, na uji ni chakula hata ukiwa mwepesi kama maji. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla. Kwa upasuaji wa saa mbili asubuhi, chakula cha mwisho kisipite saa nane usiku (wodi nyingi husema saa sita usiku, yaishe) na maji yanaweza kunywewa hadi saa kumi na mbili alfajiri, kama wodi yenu inaruhusu. Utaniuliza, mbona anachomwa ganzi ya mgongo tu? Kwa sababu ganzi wakati mwingine haishiki vizuri, au upasuaji unarefuka, ikabidi alazwe usingizi kabisa. Tumbo lazima liwe tayari kwa yote mawili.

Hofu yako ya kuanguka kwa sukari ni ya kweli, dawa yake ndiyo tofauti. Mwenye sukari anatakiwa awe wa kwanza au wa pili kwenye orodha ya siku hiyo, ili asifunge kutwa. Omba hilo wazi siku mnapopewa tarehe. Apimwe sukari alfajiri, na akianza kutetemeka au kutoka jasho jembamba, mwite nesi papo hapo. Watampa glukosi kwa dripu. Hiyo haipiti tumboni.

Umeuliza goti na meno wapi na wapi. Hapa ndipo penye kiini cha barua yako yote, kwa hiyo nivumilie.

Goti bandia ni chuma na plastiki. Halina damu inayopita ndani yake. Mfupa wako ukivamiwa na vijidudu, damu huleta askari wa kupigana. Chuma hakina askari. Vijidudu vikishakifikia hujishikiza juu yake na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi vizuri, na mara nyingi hakuna namna ila kufungua tena, kusafisha, pengine kulitoa goti lote, mgonjwa akae miezi bila goti akinywa dawa, kisha afunguliwe mara nyingine. Niliwauguza watu wa namna hiyo na sitaki mama yako awe mmoja wao. Mwingereza John Charnley, aliyeanza kuweka nyonga bandia zilizofanikiwa mwaka 1962, alisumbuliwa na usaha kiasi kwamba alitengeneza chumba maalumu cha hewa safi ndani ya thieta na nguo maalumu za kupasulia. Maambukizi yakashuka kutoka takriban wagonjwa 7 kwa kila 100 hadi chini ya 1. Yeye alihangaika na hewa ya chumbani. Lakini vijidudu vingine mgonjwa anakuja navyo mwenyewe. Jino lililooza linamwaga vijidudu kwenye damu. Mkojo wenye maambukizi vilevile. Jipu, kidonda cha mguuni, fangasi kati ya vidole vya miguu, mpasuko wa kisigino, yote ni milango. Ndiyo maana mmeandikiwa barua ya meno, na kama hawajampima mkojo, ulizeni.

Sukari nayo ni mlango, tena mpana. Ikiwa juu, chembe za kinga zinafanya kazi kivivu na kidonda kinachelewa kufunga. Kile kipimo kipya walichowaandikia, bila shaka ni HbA1c, kinaonyesha sukari ilivyokwenda kwa wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganyiki. Mtu anaweza kufunga kula usiku mmoja asubuhi akasoma 7, lakini HbA1c inamwumbua. Wapasuaji wengi wanataka isizidi 8 kwa mia, wengine 7.5. Na hapo uelewe, wiki sita wamezitoa kwa hesabu. Kipimo hicho hakibadiliki kwa siku tatu za kula mchicha. Kinahitaji wiki kadhaa za dawa kurekebishwa na chakula kupimwa. Kwa hiyo usisubiri tarehe. Wiki hii hii mpeleke mama kliniki ya sukari, mwambie daktari wa huko kuna upasuaji, ili apandishe au abadilishe dawa mapema. Muwe mnampima nyumbani asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo, mnaandika kwenye daftari. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko maneno yote mtakayoyasema siku ya kurudi.

Sasa mjomba. Salamu zangu kwake, ni mtu mwenye uchungu na dada yake. Lakini mkimpeleka mama Pangani akachanjwa chale kuzunguka goti, tarehe mmeiua wenyewe. Hakuna mpasuaji atakayepitisha kisu kwenye ngozi yenye chale mbichi na majani, na akiona ngozi imeungua kwa kukandwa na maji ya moto atawarudisha vilevile. Zaidi ya hapo, goti la mama halijateguka ili lirudishwe. Gegedu, lile tandiko laini kati ya mifupa, imelika, na mifupa inagusana. Mkono wa mkandaji hauoteshi gegedu. Mjomba akitaka kusaidia kweli, kazi yake ninayo hapo chini.

La jirani na sindano ya mgongo. Watu wanaiogopa kuliko kisu. Uti wa mgongo wenyewe, ule wa mishipa ya fahamu, kwa mtu mzima huishia karibu na mwanzo wa kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, kwenye maji yanayozunguka mishipa inayoshuka miguuni. Miguu inakufa ganzi saa mbili tatu hivi, kisha inarudi. Kupooza moja kwa moja kunaweza kutokea, lakini ni kwa nadra mno. Kinachotokea zaidi ni maumivu ya pale ilipochomwa kwa siku chache, na wachache hupata kichwa kuuma wakikaa wima, jambo lenye tiba yake. Kwa mama mwenye sukari na presha, ganzi ya mgongo mara nyingi ni chaguo zuri: anapumua mwenyewe, anazungumza, na anatoka bila kichefuchefu cha nusu kaputi. Ila kama anameza dawa za kuyeyusha damu lazima daktari wa usingizi ajue, kwa sababu sindano hiyo na damu isiyoganda havipatani. Mama aombe kuonana na daktari huyo kabla ya siku ya kulazwa, amwambie hofu yake kwa mdomo wake mwenyewe. Dakika kumi za mazungumzo hayo nimeziona zikishusha presha ambayo kidonge hakikuishusha. Na ile 198, naapa, robo yake ilikuwa woga.

Kuhusu damu sitasema mengi. Mwenye afya kati ya miaka 18 na 65, uzito kuanzia kilo 50, anaweza kuchangia. Huchukuliwa kama mililita 450, na mwanamume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Mama anaweza asihitaji hata chupa moja, maana kwenye goti hufungwa mpira wa kuzuia damu kwenye paja na kuna dawa za kupunguza kuvuja. Lakini akiihitaji lazima iwepo. Wadogo zako wakiendelea na safari zao, mjomba na kaka ndio hao. La muhimu zaidi ni damu ya mama mwenyewe. Hemoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni ngapi? Kwa mwanamke chini ya 12 ni upungufu, na upungufu unatibika katika wiki sita, hautibiki katika usiku mmoja.

Ngoja niwageukie wasomaji wengine kidogo, nisije nikaeleweka vibaya. Haya ya kusubiri wiki sita ni ya goti lililochakaa, ambalo halina haraka. Mzee aliyeteleza bafuni akavunjika shingo ya mfupa wa paja ni habari nyingine kabisa. Huyo anatakiwa apasuliwe mapema, ndani ya siku moja au mbili inapowezekana, kwa sababu kila siku ya kulala chali inamletea nimonia, vidonda vya mgongoni na damu kuganda miguuni. Kwa huyo madaktari hurekebisha sukari na presha huku wakikimbia. Msije mkamweka mgonjwa wa namna hiyo nyumbani mkisema tulisoma asubiri.

Haya, binti, mguu. Watu wakisikia maandalizi wanafikiria vipimo tu, moyo, kifua, figo, na vipimo hivyo mtafanyiwa. Lakini nusu ya kupona goti iko kwenye misuli ya paja, na misuli ya mama imelala kwa miaka. Aanze leo. Alale chali, anyooshe mguu, akaze paja mpaka kisogo cha goti kibonyee godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Mara kumi, asubuhi na jioni, miguu yote miwili. Halafu akae kwenye kiti chenye mikono, ajinyanyue kidogo kwa nguvu za mikono, ili siku atakapopewa fremu ya kutembelea mikono isimsaliti. Omba mwonane na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji, amfundishe kuitumia angali hana kidonda. Kumfundisha mtu kutembea siku anayoumia ni shughuli nzito.

Na nyumba. Umesema uani, nikafikiria choo cha kuchuchumaa. Goti jipya halichuchumai. Hapa ndipo mjomba anapoingia: fundi seremala atatengeneza kiti kigumu chenye tundu katikati, kikae juu ya shimo, na upande mmoja ukutani pawe na chuma cha kushikia. Kitanda kisiwe cha chini sana. Mikeka na mazulia yanayoteleza yatolewe njiani. Kile kigoda cha kupikia mbele ya jiko la mkaa mama asikikalie, mtafutieni meza jiko liwe juu, au tuseme ukweli, apumzike kupika.

Siku ya kulazwa ikifika, aoge kwa sabuni usiku na asubuhi, avae nguo safi, na goti asilipake mafuta wala dawa ya kuchua. Nyumbani msimnyoe kwa wembe. Najua wengi mnaona ni usafi, lakini wembe unaacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu vinaipenda, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2016 limekataza wembe kabisa. Nywele zikibidi kuondolewa, hukatwa kwa mashine huko huko. Kama kuna harusi kabla ya hapo, mikono yake isitiwe hina wala piko kwenye kucha, kwa sababu kile kifaa kinachobana kidole kusoma oksijeni kinapenyeza mwanga kwenye kucha. Pete, meno ya bandia, hirizi, vyote vibaki na wewe. Ndani, katika saa moja kabla ya kupasuliwa, atachomwa antibiotiki kwenye mshipa. Ndivyo inavyotakiwa, mapema sana haifai na baada ya kisu imechelewa.

Kuna mambo mawili mama ayafanye mwenyewe, asifanyiwe na mtoto. Kwanza, fomu ya ridhaa aisaini yeye. Ana akili zake, goti ni lake. Asomewe kwa Kiswahili, aambiwe hatari zake: maambukizi, damu kuganda, ganzi kwenye ngozi ya kando ya mshono, goti kukakamaa. Akiona hajaelewa asisaini mpaka aelewe. Pili, mpasuaji atachora alama kwa kalamu kwenye mguu wa kupasuliwa. Ifanyike mama akiwa macho, na aseme kwa sauti, la kulia. Baadaye wataulizana tena jina, mguu na kinachofanyika kabla ya kisu. Ni utaratibu wa orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Wakimuuliza jina lake mara tano asikasirike.

Mwisho, kusujudu. Sitamdanganya mama. Goti bandia kwa wengi hukunja vizuri kwa kutembea, kupanda ngazi na kukaa kwenye kiti, lakini kukalia visigino kwenye tahiyatu kunataka mkunjo ambao goti hilo kwa kawaida halifiki, na kupiga magoti wengi huona kunawauma hata pale daktari anaporuhusu. Huenda akaendelea kuswali kwenye kiti. Ila nina swali langu kwake: na goti hilo alilonalo sasa, anaswali vipi? Kama tayari ni kwenye kiti, basi hapotezi kitu. Kama bado anajikaza chini, akamweleze mpasuaji hivyo hivyo alivyokueleza wewe, na amweleze kabla ya kushika kalamu ya kusaini.